Newsprint ya GIMP 3: filta ya bure inayotoa nukta za kweli

Mteja akiniambia anataka bango "la kizamani, kama picha za gazeti", najua anachokitaka ni nukta. Anataka ule uso ambao ukiwa mbali unauona vizuri, macho, kilemba na hereni, lakini ukiusogelea unavunjika kuwa madoa meusi, makubwa penye kivuli na madogo penye mwanga. Yeyote aliyewahi kununua vitumbua vilivyofungwa kwenye gazeti ameziona, hata kama hakuwahi kuzitilia maanani.

Mimi natengeneza mabango ya taarab, michoro ya fulana za vikundi na majalada ya nyimbo za mtandaoni, hapa Dar es Salaam. Mwonekano huu wa nukta, unaoitwa haftoni, ndio ninaoombwa zaidi. Nimeutengeneza kwa programu nyingi, na ninayoitumia sasa ni filta inayoitwa Newsprint, iliyomo ndani ya GIMP 3, programu ya kuhariri picha. Nataka niieleze kwa kirefu, maana naona vijana wengi wa kazi hii wanalipia programu za simu ambazo hazitengenezi haftoni hata kidogo, halafu wanashangaa kwa nini kazi yao inaonekana ya bandia.

Haftoni ilizaliwa kwa sababu ya shida. Mashine ya kuchapa ina wino mmoja mweusi, haina kijivu. Inaweza kuweka wino au kutoweka, basi. Sasa utachapaje shavu la mtu lenye kivuli laini? Mwaka 1852 Mwingereza William Henry Fox Talbot alisajili wazo la kupitisha picha kwenye kitambaa chepesi cha shashi ili ikatike vipande vidogo vidogo. Tarehe 4 Machi 1880 gazeti la Daily Graphic la New York likachapa picha ya mtaa wa vibanda kwa njia ya aina hii, na miaka iliyofuata wengine wakaiboresha hadi ikawa kawaida ya magazeti duniani. Siri yake ni moja tu: nukta zote zimepangwa kwa umbali ulio sawa, ila ukubwa wake ndio unaobadilika kufuata giza la picha. Jicho linachanganya wino na karatasi, linaona kijivu ambacho hakipo.

Hapo ndipo ninapopimia programu yoyote. Chukua picha uliyoiwekea nukta, kuza mpaka uone paji la uso na chini ya kidevu kwa pamoja. Kama nukta za paji na za kidevu zina ukubwa mmoja, ulichopewa ni karatasi ya madoadoa iliyotandazwa juu ya picha. Programu nyingi za simu zinafanya hivyo: picha inabaki na vijivu vyake vyote, madoa yanaelea juu yake. Kwenye kioo cha simu inaweza kumdanganya mtu kwa sekunde mbili. Ukiipeleka kwa fundi wa kuchapa fulana atakurudishia, kwa sababu skrini yake, yaani kile kitambaa cha nyavu anachopitishia wino, haiwezi kuchapa kijivu. Nukta zenyewe ndizo zinazopaswa kuibeba picha.

Newsprint inafaulu jaribio hilo. GIMP ni programu ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025. Filta yenyewe ni ya zamani, ilikuwepo tangu matoleo ya nyuma. Kilichobadilika katika 3.0 ni kwamba filta haiharibu tena picha ya asili. Zamani ukishabonyeza OK, nukta zimekuwa picha. Ukitaka kubadilisha ukubwa wake unarudi nyuma na kuanza upya. Sasa filta inakaa kwenye leya, yaani tabaka la picha, kama nguo juu ya mwili. Pembeni ya leya inatokea alama ya fx, unaibonyeza, unaifungua Newsprint tena, unabadilisha, unaendelea. Ukihifadhi faili kwa XCF, muundo wa GIMP yenyewe, unaifungua wiki ijayo na filta iko palepale ikikusubiri. Kwa mtu anayefanya kazi na wateja wa kwetu, ambao saa nne usiku wanatuma ujumbe "dada, hizo dots ziwe kubwa kidogo", badiliko hili peke yake linatosha kumfanya aache toleo la zamani.

Unaipata kwenye menyu ya Filters, kisha Distorts, kisha Newsprint. Dirisha linalofunguka lina vitu vingi kuliko vinavyohitajika, kwa hiyo nitagusa vile vyenye kazi. Color Model inakuuliza unataka nukta nyeusi kwenye weupe, nyeupe kwenye weusi, RGB (rangi za kioo) au CMYK (rangi nne za wino wa kuchapia). Pattern ni umbo: mistari, duara, almasi na mengineyo. Period ni umbali kutoka kitovu cha nukta moja hadi kitovu cha nyingine, kwa pikseli. Angle ni pembe ya safu za nukta. Oversampling inalainisha kingo, na ukiipandisha mashine inahitaji muda zaidi kukokotoa. Mabadiliko unayaona moja kwa moja kwenye picha, na kuna kisanduku cha Split view kinachoigawa picha nusu kwa nusu, upande mmoja wa asili na mwingine wenye nukta. Mpangilio ulioupenda unaweza kuuhifadhi kwa jina lako kwenye Presets. Mimi nina wa mabango, wa fulana na wa majalada.

Sasa niseme jambo ambalo sijaliona likisemwa kwenye video nyingi za mafunzo, nalo ndilo linaloamua kama kazi yako itapendeza au la: nyuso nyeusi.

Mafunzo mengi yanaonyeshwa kwa picha ya mzungu aliyesimama kwenye ukuta mweupe. Ngozi yake ikigeuzwa kuwa nyeusi-nyeupe inaangukia kwenye asilimia 20 au 30 ya wino (yaani sehemu ya karatasi inayofunikwa na wino), kwa hiyo uso wote ni nukta ndogo safi zilizotawanyika, na inapendeza. Ukifuata hatua zilezile kwa picha ya mwimbaji wa taarab mwenye ngozi nyeusi, aliyepigwa ukumbini chini ya taa ya pembeni, unapata bonge la weusi lenye meno na hereni. Kosa haliko kwenye filta wala kwenye uso. Ni hesabu ya maumbo.

Nukta ya duara inakua ndani ya mraba wake. Inapofika kugusa kingo za mraba huo inakuwa imejaza asilimia 78 na ushei ya eneo, kwani hilo ndilo eneo la duara lililoenea ndani ya mraba. Kabla ya hapo kila nukta iko peke yake. Baada ya hapo zote zimeshikana, na kilichobaki ni vijitundu vyeupe vya pembe nne zilizochongoka, na vijitundu hivyo kwenye karatasi au kitambaa hufunikwa na wino unaotambaa. Kwa hiyo shavu lenye asilimia 74 na taya lenye asilimia 82, ambazo jicho linaziona karibu sawa kwenye picha ya kawaida, zinatengana ghafla: shavu lina nukta, taya limekuwa lami. Ngozi nyingi za kwetu zikipigwa kwenye mwanga hafifu zinakaa papo hapo kwenye mpaka huo.

Dawa yake iko kabla ya Newsprint. Kwanza, usiigeuze picha kuwa nyeusi-nyeupe kwa njia ya mkato. Nenda Colors, kisha Desaturate, kisha Mono Mixer, uipe rangi nyekundu uzito mkubwa. Ngozi nyeusi inaakisi wekundu zaidi kuliko kijani na buluu, kwa hiyo ndani ya wekundu ndimo zilimo habari za uso: mng'ao wa juu ya nyusi, mstari wa pua, kunyanzi la tabasamu. Ukitegemea kijani au buluu unazizika. Pili, fungua Curves, kifaa cha kubadilisha mwanga na giza kwa kuvuta mstari, shika sehemu ya ngozi uipandishe mpaka ikae kati ya asilimia 35 na 65 ya wino, huku ukiziacha nywele, mboni na mikunjo ya nguo zishuke kwenye weusi kamili.

Hapa GIMP 3 inanipa raha ambayo sikuizoea. Curves nayo inakaa kama filta kwenye leya ileile, chini ya Newsprint. Kwa hiyo naweka Newsprint kwanza au baadaye, haijalishi, mradi mpangilio wake kwenye orodha ya fx uwe sahihi. Halafu naifungua Curves na kuivuta huku nukta zikipanuka na kusinyaa mbele ya macho yangu. Unaona kabisa pale nukta za taya zinapoachana, moja moja, na uso unarudi. Kuna bango la mwimbaji mmoja, mama wa makamo, ambalo nusu ya uso wake ilikuwa gizani. Nilivuta mstari wa Curves kidogo kidogo hadi chini ya jicho la kulia pakatokea safu tatu za nukta ndogo zinazofuata kifuko cha jicho. Safu hizo tatu ndizo zilizomrudisha yeye kwenye picha. Bila hizo alikuwa kivuli cha mtu yeyote.

Na nisieleweke vibaya: hapa hatumchubui mtu. Wino ukigusa karatasi unatambaa, kila nukta inanenepa, na picha nzima inakuwa na giza kuliko ulivyoiona kwenye kompyuta. Unaipandisha ngozi kabla ili ikishachapwa irudi kwenye weusi wake halisi. Ukiangalia kazi iliyochapwa ukaona mtu amekuwa mweupe kuliko alivyo, umevuta kupita kiasi, rudi ushushe. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona mabango ambayo dizaina amemng'arisha mtu ili nukta zipendeze, na familia yake haikumtambua.

Ukikutana na uso ambao hata baada ya hayo yote bado unashikana, badilisha Pattern iwe mistari. Mistari inanenepa na kukonda polepole bila ule mruko wa ghafla wa duara, na ikilazwa digrii 45 juu ya uso mweusi inatoa mwonekano wa noti au stempu za zamani. Kwa wazee wenye makunyanzi mimi naipenda kuliko nukta.

Jambo la pili ambalo watu hukwama ni Period, na hili linahitaji hesabu ndogo. Wachapaji wanapima haftoni kwa mistari kwa inchi, kwa kifupi LPI. Gawanya pikseli kwa inchi za faili lako kwa Period unapata jibu. Faili la pikseli 300 kwa inchi lenye Period 12 linatoa mistari 25. Lenye Period 6 linatoa 50. Magazeti ya kawaida yanachapwa karibu na mistari 85, majarida ya karatasi ng'avu 133 hadi 150. Sasa jaribu kutengeneza gazeti la kweli kwenye faili la 300: mia tatu gawa kwa themanini na tano ni pikseli tatu na nusu kwa kila nukta. Hakuna nukta inayoweza kubadilika ukubwa ndani ya pikseli tatu na nusu. Utapata vumbi.

Kwa hiyo chagua. Kama kazi ni ya mtandaoni, usiige vipimo vya gazeti. Zitie chumvi nukta: kwa picha ya mraba ya pikseli 1080, Period ya 8 hadi 12 inaonekana kwenye simu na bado uso unasomeka. Kama kazi ni ya kuchapwa, pandisha faili hadi pikseli 1200 kwa inchi kabla ya kuweka filta, na hapo Period 14 itakupa karibu na zile 85. Kila mara, na narudia kila mara, weka ukubwa wa mwisho kwanza ndipo uweke nukta. Picha ya nukta ikipunguzwa baada ya kutengenezwa inazaa mawimbi, yale maduara ya ajabu yanayopita kwenye picha kama maji yaliyotupiwa jiwe, na hakuna filta itakayoyaondoa vizuri.

Kwa rangi, chagua CMYK. Hapa kila wino una Angle na Period yake: sayani, majenta, njano na nyeusi. Pembe za jadi za wachapaji ni sayani 15, majenta 75, njano 0 na nyeusi 45. Zina maana. Jicho haliioni kwa urahisi safu iliyolala mshazari wa 45, kwa hiyo wino wenye nguvu kuliko wote, mweusi, ukapewa hiyo. Sayani, majenta na nyeusi zinaachana kwa digrii 30 ili zikipishana zitengeneze maua madogo badala ya mawimbi. Njano ni dhaifu, haionekani sana, ndiyo maana inavumiliwa ikae digrii 15 tu kutoka kwa jirani yake. Ziandike pembe hizo kwa mkono wako, usitegemee zilizowekwa. Halafu kuna kitelezi cha Black pullout, kinachoamua kiasi gani cha kijivu kitolewe kwenye rangi tatu na kupewa wino mweusi. Ukikipunguza, vivuli vinakuwa na rangi nyingi, na hapo picha inaanza kufanana na majarida ya picha ya miaka ya sabini.

Ila CMYK ya ndani ya Newsprint ni safi mno kwa mtu anayetaka uzamani. Magazeti ya rangi ya zamani yalikuwa na kasoro ambayo ndiyo tunayoipenda: wino mmoja umesogea. Midomo myekundu imetoka nje ya mstari wa midomo. Kuipata kasoro hiyo, ziachanishe rangi kwanza kwa Colors, Components, Decompose, ukichagua CMYK. Unapata leya nne za kijivu, kila moja ni wino wake. Kama palipo na wino pako peupe, tumia Invert kwanza, kisha ligeuze faili liwe RGB (Image, Mode, RGB) ili likubali rangi. Kila leya iwekee Newsprint ya nyeusi kwenye weupe kwa pembe yake, ipe rangi yake, ziweke zote kwenye hali ya Multiply (leya zinaongezeana giza, kama wino juu ya wino), kisha ishike ile ya majenta uisogeze pikseli chache kulia na moja chini. Chini ya yote weka karatasi: rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, au picha ya karatasi halisi uliyoiskani. Nyeusi usiiache nyeusi kabisa, wino wa gazeti ni kijivu cha mkaa. Ni kazi ya nusu saa, na kwa jalada la wimbo inalipa.

Kwa bango la rangi mbili mimi napita njia fupi. Newsprint nyeusi kwenye weupe, kisha Colors, Map, Gradient Map, ukiwa umeshachagua rangi ya mbele na ya nyuma. Buluu ya wino kwenye krimu, au nyekundu ya udongo kwenye manjano iliyofifia. Mabango ya taarab yanakubali sana mchanganyiko wa pili.

Tuje kwenye fulana, maana hapo ndipo nukta zinarudi kwenye kazi zilikozaliwa. Fundi wa skrini anahitaji filamu, yaani karatasi angavu ya kuanikia skrini, yenye weusi na uwazi tu. Kijivu chochote kwenye filamu, hata kile cha kulainisha kingo, kitamharibia anapoianika skrini kwenye mwanga. Baada ya Newsprint, bonyeza Image, Mode, Indexed, uchague paleti ya nyeusi na nyeupe ya biti moja, bila kutawanya rangi (dithering). Kingo zinakatwa wembe. Faili liwe la pikseli 1200 kwa inchi, kwa sababu hapa hesabu ni kali: nukta iliyo ndani ya mraba wa pikseli 6 kwa 6 ina hatua 37 tu kutoka nyeupe hadi nyeusi, ya 12 kwa 12 ina hatua 145. Uso unahitaji hatua nyingi.

Muulize fundi wako kitambaa cha skrini yake kina nyuzi ngapi. Kanuni inayotumika ni kwamba nyuzi kwa inchi ziwe angalau mara nne ya mistari ya haftoni. Kitambaa cha nyuzi 43 kwa sentimita ni kama nyuzi 109 kwa inchi, kwa hiyo usizidi mistari 27. Mimi naweka 25, yaani Period 48 kwenye faili la 1200. Chenye nyuzi 77 kinaruhusu hadi 45 au zaidi kidogo. Ukizidisha, nukta ndogo zinakosa uzi wa kushikilia na zinaoshwa pamoja na dawa ya skrini. Pembe weka 22.5, kwa kuwa nyuzi za skrini zimelala wima na mlalo, na nukta zikifuata mwelekeo wao yanazuka mawimbi. Na kama umetumia Decompose kutoa filamu za rangi nne, kabla ya kuzichapa hakikisha palipo na wino pako peusi. Kama pako peupe, tumia Invert. Fundi akiwa ameshaanika skrini, marekebisho ni kuanza upya kwa gharama yako.

Programu nyingine nimezitumia pia. Photoshop ina njia mbili. Ya kwanza ni Color Halftone, iliyo chini ya Filter, Pixelate. Unaandika Max Radius, kuanzia 4 hadi 127, na pembe nne ambazo zimeshawekwa 108, 162, 90 na 45. Inatoa nukta nzuri za mviringo, ila dirisha lake halina onyesho, unaandika namba na kusubiri, na umbo ni duara pekee. Ya pili ndiyo bora: geuza picha iwe Grayscale, kisha Bitmap, uchague Halftone Screen. Hapo unaandika moja kwa moja mistari kwa inchi, pembe na umbo, na maumbo yapo sita, pamoja na duara dufu (Ellipse). Duara dufu ni zuri mno kwa nyuso nyeusi kwa sababu nukta zake zinagusana kwanza upande mmoja na baadaye upande wa pili, kwa hiyo ule mruko unagawanyika mara mbili. Kwa filamu ya rangi moja sijaona programu ya kawaida inayoizidi njia hii. Lakini Photoshop inalipiwa kwa mwezi, kwa kadi, na ukiacha kulipa milango inafungwa. Kwa kijana anayeanza na laptopu ya mtumba, hiyo si njia ya kumshauri.

Photopea inafunguka kwenye kivinjari, haihitaji kuinstoli chochote, na picha yako inachakatwa kwenye mashine yako mwenyewe bila kupandishwa kwenye seva. Nayo ina Color Halftone inayofanana na ya Photoshop. Ukiwa kwa rafiki, au kwenye kompyuta ya ofisi, inakutoa. Krita ina filta yake ya Halftone chini ya Artistic, na inafaa zaidi kama unachora vikatuni mwenyewe kuliko kama unashughulikia picha za kamera.

Nikiulizwa, basi: GIMP 3 kwa mabango, majalada na fulana, na kama ofisi unayofanyia kazi ina Photoshop iliyolipiwa, tumia ile njia ya Bitmap kwa filamu za rangi moja. Ukimaliza, toa faili kwa PNG. JPEG inazipaka ukungu kingo za nukta, na kwa kuwa picha nzima ni kingo, ukungu unaenea kila mahali. Na mteja usimtumie kama picha kwenye WhatsApp, itabanwa na nukta zitavurugika. Itume kama document.

Kasoro za Newsprint ninazo mbili. Vitelezi vya Turbulence na Angle boost vinafanya mambo ya kuvutia penye rangi kali, vinazungusha na kubana nukta, lakini majina yake hayamwambii mtumiaji lolote, na mwanafunzi akivigusa bila kujua anadhani ameharibu picha. Viache kwenye sifuri mpaka uwe na sababu. Ya pili inaniuma zaidi. Katika toleo la 2.8 filta hii ilikuwa na sehemu ya kuandika mistari kwa inchi, nayo ikakokotoa yenyewe ukubwa wa nukta. Filta ilipoandikwa upya kwa matoleo ya 2.10, sehemu hiyo ikaondoka, ikabaki Period ya pikseli. Waliozoea kuzungumza na wachapaji wanafikiri kwa mistari, na sasa kila mara inabidi wagawanye kwa kikokotoo. GIMP inapokea maombi ya watumiaji wake hadharani, na hili ninaliomba kwa moyo wote: irudisheni LPI.